Mpira Uliompita Hosea

Jumapili, 8 Aprili 2007. Pasaka

Janae, mjukuu wangu, kaniletea daftari hili pamoja na yai la chokoleti. Anasema, "Bibi, maneno unayowatupia watu usoni, mengine yaweke humu, watu wapumzike." Yai nimelila. Daftari ndilo hili.

Shule sikwenda hata siku moja. Pamba haikusubiri mtoto asome. Herufi nilifundishwa kanisani nikiwa na miaka sitini, kwa hiyo mwandiko wangu unatembea kama kuku, na anayetaka kucheka acheke. Lakini alama za besiboli nilizijua nikiwa na kumi na tano. Mjomba wangu ndiye aliyesimamia timu ya mgodi hapa Coalbrook. Macho yake yalipoanza kumsaliti alinikalisha kwenye kimeza nyuma ya mdakaji, akanipa penseli na kitabu cha mchezo. Nilijua kuandika kosa kabla sijajua kuandika Verlene.

Ezell, mume wangu, amesoma gazeti kabla ya kanisa kama kawaida yake. Vita havimhusu, siasa haimhusu. Anaanzia kile kisanduku cha michezo: nani kazaliwa leo, nini kilitokea siku kama ya leo. Leo ndiyo siku Hank Aaron, mtoto wa Alabama yetu, alipoupiga ule mpira wake wa mia saba na kumi na tano ukatoka uwanjani, akavunja rekodi ya besiboli, mwaka wa sabini na nne. Ezell kasoma mara mbili, utadhani aliupiga yeye. Kisha kasema lile la kila mwaka: "Agosti, Vee. Agosti watanitia na mimi."

Nikamwambia, "Kula uji wako, unaganda."

Jumatano, 18 Aprili

King'ora cha kimbunga kimelia mara mbili. Tumekaa bafuni na redio. Kimepita upepo mtupu. Mvua hakuna.

Jumapili, 6 Mei

Kisanduku: Willie Mays, yule bingwa wa besiboli, kazaliwa siku kama ya leo, hapa hapa karibu na Birmingham. Ezell anadai aliwahi kunywa maji kwenye bomba moja naye. Mwaka jana ilikuwa wamekunywa soda.

Hosea Crenshaw kaja kula baada ya ibada. Hosea ni jirani yetu. Kati yetu na yeye kuna uzio ambao mbwa huuruka akitaka. Mkewe alifariki mwaka juzi, na tangu hapo nikimwacha Jumapili atakula mkate mkavu amesimama. Walicheza pamoja na Ezell. Ezell alikuwa mrushaji, Hosea alilinda nafasi iliyo kati ya kituo cha pili na cha tatu.

Ezell kampitishia bakuli la bamia. "Shika kwa mikono miwili, Siagi. Isije ikakuponyoka na hii."

Wote tukacheka. Hosea naye kacheka. Siagi, yaani mwenye mikono inayoteleza, ndilo jina lake tangu mwaka wa hamsini na saba, watoto waliozaliwa juzi wanamwita hivyo na hawajui kwa nini. Mimi nilicheka kuliko wote. Nimeona niliandike hilo.

Jumanne, 15 Mei

Amekuja Delphine Yancey wa maktaba, msichana mwenye miwani mikubwa na heshima zake. Halmashauri imekubali kuweka jiwe la kumbukumbu kwenye uwanja wa zamani. Agosti kumi na moja itatimia miaka hamsini tangu Ezell, siku aliyotimiza ishirini na mmoja, awarushie mpira watu wa kiwanda cha mabomba, na katika wapigaji ishirini na nane asipatikane hata mmoja wa kumpiga pigo halali.

Ezell alikaa wima kama anapigwa picha.

Delphine akatusomea maneno yatakayochongwa. Yanaenda vizuri, jina, tarehe, siku ya kuzaliwa, mpaka mwisho: "Ni mtu mmoja tu aliyefika kituoni, kwa kosa la Hosea Crenshaw."

Nikauliza, "Jina la Hosea la nini humo?"

"Ni historia, Bi. Tubbs. Tunaandika yote. Na ninahitaji kile kitabu cha mchezo, niende na ushahidi. Si wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiye mimi."

"Kiko wapi?"

Nikamwambia sijui, nitatafuta. Kiko chini ya kitanda, kwenye boksi la kofia. Nimekuwa nikifagia kukizunguka miaka yote hii.

Alhamisi, 17 Mei

Nimefua mapazia. Hayakuwa machafu. Nimeyaanika, nimeyapiga pasi, nimeyarudisha, na mikono bado inatafuta kazi. Basi niandike.

Ilikuwa zamu ya nane kati ya tisa, wapigaji wawili wameshatolewa. Hakuna mtu wa kiwanda cha mabomba aliyekuwa amegusa kituo. Uwanja mzima ulikuwa kimya, maana siku ile hata wauza njugu waliacha kuita. Akaja Otha Mims, mtu mfupi, ana mafua, anajifuta pua kwa mkono wa shati. Ezell akarusha. Otha akaupiga.

Ulitoka chini chini, unanguruma, ukipenya kati ya kituo cha pili na cha tatu. Hosea akajirusha mwili mzima. Sijui binadamu mwingine ambaye angeufikia hata nusu. Ulimgusa ncha ya glavu ukaendelea na safari yake. Otha alikuwa kituoni Hosea bado yuko chini anakula vumbi.

Lile lilikuwa pigo. Pigo halali kama lilivyo jua. Mtu akiufikia mpira wa kawaida akauangusha, hilo ni kosa lake. Mpira usiodakika, hilo ni pigo la mpigaji. Anayeamua ni mmoja tu, mwandishi wa mchezo, na mwandishi nilikuwa mimi, miaka kumi na saba, kwenye kimeza, na penseli.

Ezell akageuka akanitazama. Hakusema, hakukonyeza. Alinitazama tu, na mimi nilikuwa nampenda mpaka meno yananiuma, na ilikuwa siku yake ya kuzaliwa.

Nikaandika E, na sita. E ni kosa. Sita ni nafasi ya Hosea.

Mwenye kipaza sauti akachungulia kitabu changu, akatangaza: "Kosa! Crenshaw!" Hosea akasimama, vumbi mpaka kwenye kope, akajigonga kifua mara moja. Maana yake: ni langu.

Jumatatu, 28 Mei

Joto. Kunde zimekunja majani. Ezell anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya jokofu.

Jumamosi, 9 Juni

Nilikuwa barazani namenya kunde chache zilizopatikana, Hosea akaja kwa upande wa uzio ulioanguka. Akakaa, akachukua bakuli la pili, akaanza kumenya bila kuombwa. Hosea hamenyi ovyo. Hapotezi hata punje.

"Shemeji," akasema, "tarehe kumi na moja sitakuja. Nitakuwa kwa dada yangu, mjini Mobile."

"Dada yako wa Mobile humpendi."

"Nitajitahidi."

Nikamenya. Akamenya.

"Delphine kanionyesha ile karatasi," akasema. "Alitaka kuhakikisha herufi za jina langu. Msichana mzuri. Akaniuliza, Bwana Crenshaw, Crenshaw yako ni ya C au ya K?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia C." Akacheka kidogo, kicheko hakikufika popote. "Unajua, utani wa Ezell sina neno nao. Mtu akikutania ujue anakuhesabu. Lakini jiwe halitanii, shemeji. Jiwe litakaa pale mimi nimeshaoza, mtoto wa mtoto wangu asome kwamba babu yake alifanya jambo moja tu duniani, na aliliharibu."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa, nikaufunga tena.

"Halafu kuna hili," akasema. "Ule mpira nimeurudia kila siku ya Mungu. Nikiwa mgodini niliurudia, kwenye msiba wa mke wangu Bernice niliurudia. Kama ningeanza kushoto kidogo. Kama ningeinama mapema. Mwenzio mimi niliona haudakiki. Mwili wangu uliniambia haudakiki. Lakini kitabu kilisema kosa, na kitabu huandikwa na mtu aliyekaa anaona uwanja wote. Basi nikajua hata mwili wangu ni mwongo. Ndiyo maana sikurudi msimu uliofuata. Mtu hawezi kucheza kama hauamini mwili wake."

Miaka hamsini nimedhani aliacha kwa sababu ya kuoa.

Akamaliza punje za mwisho, akanirudishia bakuli, akasema kunde za mwaka huu ni ndogo.

Jumapili, 10 Juni

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Ezell goti linauma. Goti halina kitu.

Ijumaa, 22 Juni

Kisanduku: Joe Louis alimpiga yule Mjerumani raundi ya kwanza, mwaka wa thelathini na nane. Ezell akaanza kurusha ngumi jikoni, akisimulia jinsi baba yake alivyobebwa begani mtaa mzima siku hiyo. Nikamwambia aache kuruka ruka, ataangusha sahani. Akaniuliza ninaumwa nini siku hizi. Nikasema joto.

Jumatatu, 2 Julai

Bado joto. Mto umebaki mawe.

Jumamosi, 7 Julai

Kisanduku leo ni Satchel Paige, mrushaji wa zamani. Ezell kacheka sana, kwa sababu yule mzee alikuwa na siku za kuzaliwa nyingi kuliko mashati, kila akiulizwa anataja nyingine. Akasema, "Ona, Vee, mtu akirusha vizuri, hakuna anayemchunguza."

Nikazima jiko. Nikamwambia, "Ezell, Otha Mims alikupiga."

Akakunja gazeti. Hakuuliza Otha gani.

"Niliandika kosa," nikasema, "na halikuwa kosa. Nilidanganya. Nimemwacha Hosea abebe."

Akanyoosha mkunjo wa gazeti kwa kucha, taratibu, mpaka mwisho. "Najua."

"Unajua nini?"

"Mrushaji anajua kwa sauti ya gongo likiupiga mpira, mwanamke. Nilijua kabla mpira haujafika kwa Hosea. Nilipogeuka kukutazama nilikuwa nimeshajua."

"Na hukusema!"

"Na wewe hukusema. Nilidhani wewe uliona kosa kweli. Nikasema, kama Vee aliona kosa, basi acha liwe kosa."

"Ezell Tubbs, usinifanye mjinga jikoni kwangu. Ulinitazama ili niandike."

Hapo ndipo nilipomwona. Miaka arobaini na tisa ya ndoa, nimemuuguza, nimemzalia, nimemkata kucha za miguu, na sikuwahi kumwona kama nilivyomwona leo: mtu mzima anayeogopa karatasi.

"Nilishuka mgodini miaka thelathini na moja," akasema. "Hakuna jiwe la hiyo. Hakuna kisanduku cha hiyo. Nina alasiri moja, Vee. Moja. Unataka kuichukua?"

"Hosea naye ana alasiri moja. Ni hiyo hiyo."

"Basi subiri nife."

"Na yeye akitangulia?"

Akasimama, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye bustani iliyokauka kama mtu anayesubiri basi mahali pasipo na kituo. Nilimwonea huruma, na nilitaka kumpiga na mwiko. Vyote viwili kwa wakati mmoja.

Jumatatu, 16 Julai

Delphine kaja tena. Mchongaji anataka maneno. Ezell alikuwa sebuleni anasikiliza. Nimetoa kitabu kutoka kwenye boksi, nimempa. Kapapasa ile E na sita kwa kidole, akasema, "Safi kabisa, Bi. Tubbs. Mwandiko wa mtu mwenye uhakika."

Sikusema. Mimi, ninayemwambia mchungaji hotuba yake ni ndefu. Sikusema.

Jumanne, 17 Julai

Mwoga. Neno hilo limenichukua muda kuliandika, lakini herufi zote zipo.

Ijumaa, 3 Agosti

Kisanduku: Jesse Owens, Berlin, mita mia. Naye wa Alabama. Ezell kasoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Hatuongei ila ya lazima. Chumvi. Mlango. Simu yako.

Hosea kafunga begi la Mobile, nimeliona barazani kwake.

Jumamosi, 11 Agosti

Wamemtia. Asubuhi hii, kwenye gazeti, mstari wa tatu kutoka chini: Ezell Tubbs wa Coalbrook, kazaliwa 1936, na siku kama ya leo 1957 hakupigwa. Alilisoma mara moja tu. Alikikata kisanduku kwa mkasi, akakitia kwenye mfuko wa shati, akakaa. Nilitegemea afurahi. Alikuwa kama mtu aliyepewa koti la marehemu.

Nikavaa kofia yangu ya bluu, nikaenda kwa Hosea. Alikuwa anangoja mpwa wake na gari.

"Vaa viatu vizuri," nikamwambia. "Unakuja uwanjani."

"Shemeji, niache tafadhali."

"Sikuja kukubembeleza. Nimepika miaka miwili na hujawahi kunilipa hata kwa kunisikiliza. Leo utanisikiliza. Ukitaka Mobile, Mobile haikimbii."

Alinitazama, akaona jambo usoni mwangu, akavaa viatu.

Walikuwa watu kama mia mbili. Kambare wa kukaangwa, chai baridi, pai za viazi vitamu tatu, na mbili kati yake hazikuiva. Jiwe limefunikwa shuka. Mchungaji kaomba, Delphine kasoma. Hosea alisimama nyuma kabisa karibu na magari, na bado mtu akapaza sauti, "Siagi! Njoo mbele, usituangushie jiwe!" Wakacheka wote.

Ezell kaitwa kuhutubia. Akasimama, akafungua karatasi yake. Mimi nikasimama kabla hajafungua mdomo.

"Naomba kipaza sauti," nikasema, na sikuomba, nilikichukua.

"Mimi ndiye niliyeandika mchezo ule. Wote mnajua. Sheria ya mchezo inasema anayeamua pigo ama kosa ni mwandishi, na mwandishi akiona amekosea, anabadili mwenyewe. Mwingine hawezi. Nimechelewa miaka hamsini, lakini mwandishi bado ni mimi, sijafa. Zamu ya nane, mpira wa Otha Mims. Niliandika kosa la Hosea Crenshaw. Nabadili. Lilikuwa pigo. Hakuna mtu aliyezaliwa angeudaka mpira ule. Nilijua palepale nilipoandika. Niliandika kwa sababu nilikuwa na mchumba, na mchumba alikuwa na siku ya kuzaliwa."

Mtu mmoja akaita: "Mkalisheni Bibi Verlene kivulini, jua limempiga!"

"Jua halijanipiga, na wewe, Marvell, nilikubadilisha nepi, nyamaza."

Nikageuka. Hili ndilo niliogopa kuliko yote, kwa sababu alikuwa na njia ya kutokea: angesema mke wangu kazeeka, na mia mbili wangemwamini yeye.

"Ezell," nikasema, na sauti ilikwenda kwenye spika zote. "Ulipigwa, hukupigwa?"

Alikunja karatasi yake. Alitazama jiwe lake lililofunikwa. Alitazama wajukuu wake. Alichukua muda mrefu, nzi walishatua kwenye pai.

"Nilipigwa," akasema. "Pigo safi."

Akakaa.

Watu wakageukia magari. Hosea alikuwa ameanza kuja, polepole, wanampisha. Nilidhani atanikumbatia. Nisiwe mwongo tena humu: nilitaka anikumbatie.

Akasimama mbele yangu. "Ulijua palepale?"

"Palepale."

"Na siku ile ya kunde, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alinitazama sana. Hosea ana macho mapole, sikuyajua haya.

"Miaka hamsini, Verlene," akasema. Hakuniita shemeji. Akageuka akarudi nyumbani kwa miguu, na mpwa wake anamfuata nyuma na gari kama msafara wa maziko.

Hakuna aliyevuta ile shuka.

Jumapili, 12 Agosti

Hosea hakuja kula. Sahani yake niliiweka, nikaiondoa.

Jumatano, 15 Agosti

Delphine kapiga simu, analia, anauliza jiwe lifanywe nini. Nimemwambia jiwe lina upande wa pili, waligeuze wachonge upya, na safari hii waniite nisome kabla.

Ezell hajanilaumu. Gazeti sasa anaanzia ukurasa wa kwanza.

Jumapili, 19 Agosti

Leo niliweka sahani ya Hosea tena. Ezell akaitazama muda, akaichukua, akaijaza mwenyewe, bamia, kuku, mkate wa mahindi, akaifunika kwa taulo na kutoka nayo. Nikamwona anapita pale kwenye uzio ulioanguka, anatembea kama anaenda kuungama.

Nilibaki jikoni. Dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, sikuhitaji kutega sikio.

Kwanza hakuna kitu. Kisha sauti ya Ezell, ndogo, ndefu, maneno sikuyapata, na sikutakiwa kuyapata. Nikashika mlango niende. Kisha uma kwenye sahani.

Halafu nikamsikia Ezell, Mungu amsamehe, hawezi kujizuia: "Lakini ungeanza kushoto kidogo, Hosea..."

"Kushoto!" Kiti kilisukumwa. Nimeishi jirani na mtu huyu maisha yangu yote na sikujua ana sauti kama hiyo. "Kushoto wapi? Ule mpira uliurusha wewe, mbovu, katikati kabisa mbele ya mpigaji, bibi yangu angeupiga na ufagio! Ulipigwa, Ezell Tubbs! Na mtu mfupi! Mwenye mafua!"

"Sasa, Hosea..."

"Ulipigwa! Alikuwa anapenga kamasi huku anakimbia!"

Na akacheka. Kicheko cha kweli, kinatoka tumboni, kinakohoa, kinaanza upya, mpaka mbwa wakabweka. Ezell alijaribu kusema kitu, akakatizwa. Akajaribu tena, akakatizwa. Imepita saa nzima na Hosea bado anamchamba. Ameanza mchezo ule kutoka zamu ya kwanza, mrusho kwa mrusho, anamwonyesha kila mahali alipobahatika.

Kwangu bado hajasema neno. Na asiseme kwanza. Ana miaka hamsini ya kumjibu Ezell, amalize naye.